Kipimo cha Bamvua

Mara ya kwanza tulipima Mkulumuzi siku ya maji mafu,
bahari vivu, haipandi, haishuki,
imekaa juu ya matope kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Bwana Shekiondo alishika futi, mimi nikashika ncha,
na kutoka maji yalipokomea hadi shina la msufi
tukasoma: mita themanini na moja.

Themanini na moja si sitini.
Sheria ya ukingo huishia sitini.
Basi msufi ukawa mali ya kiwanja namba kumi na saba,
na mimi, kwa mkono huu, nikaupiga alama ya mkasi,
nyekundu,
rangi ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Juu, furukombe akacheka.
Mama yangu, Mdigo wa Moa, alikuwa akisema
hicho ni kicheko cha mwenye nyumba
akimsikia mpangaji anabishia kodi.
Akatupa kichwa nyuma, kichwa cheupe pe;
jike akamwitikia kutoka ng'ambo, tonge la samaki kuchani.
Kiota chao kimezidi kitanda changu cha nne kwa sita.
Vijiti juu ya vijiti, miaka juu ya miaka,
kamba ya katani, kipande cha wavu wa buluu,
na shingo moja, ya manyoya tu bado, inachungulia Tanga.

Bwana Semkiwa alikuja na ramani yake:
ghorofa mbili, baraza linalotazama maji.
Miaka thelathini ya bandari imo ndani ya karatasi ile,
kiinua mgongo chote. Sikuweza kumchukia.
"Mwanaiki," akaniambia, "ndege hana hati."
Kweli hana.
Hana hati, hana namba ya mlipakodi,
hajui kwamba amejenga pasipo kibali
kabla vibali havijazaliwa.

Usiku ule sikulala, nikahesabu mwezi kwa vidole.
Asubuhi nikamwambia Shekiondo:
"Tumepima maji yaliyolala.
Hakuna sheria inayosema mto upimwe usingizini."
Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Futi ni ileile," akasema.
"Futi ni ileile. Maji siyo."

Alhamisi, mwezi mpevu, saa kumi za jioni,
bamvua ikaja bila hodi.
Ikaivika mikoko maji hadi viunoni,
kaa wakaparamia mashina,
ikavipita vigingi vyetu vya juzi kimoja kimoja
kama mtu anayepita makaburi ya watu asiowajua,
ikapita, ikapita,
ikasimama kwenye mizizi ya mkandaa wa mwisho.
Tukavuta futi.
Shekiondo akasoma kimya. Akasoma tena.
Mara ya tatu akasoma kwa sauti, kama yuko mbele ya hakimu:
"Hamsini na nne."

Sisemi nimeshinda.
Barua bado inazunguka meza za idara,
kila meza inaitia muhuri na kuipa usingizi.
Semkiwa hanisalimii; nikimwona sokoni Ngamiani
natazama vitunguu.
Na kiwanja kumi na nane, nje kabisa ya sitini,
tingatinga linanguruma tangu Jumatatu,
vumbi linapanda, linatua juu ya majani ya msufi,
na furukombe analipa mgongo.
Hakuna aliyemweleza habari ya sitini.
Mwakani atarudi, au hatarudi.

Nimejaribu kuifuta alama. Msasa, petroli,
hata jivu la mama.
Gome limekuwa la waridi, halikubali zaidi ya hapo.

Jana nilikuta kichwa cha mkizi juu ya bikoni yetu mpya,
macho wazi, damu mbichi kwenye namba.
Nikakiandika katika daftari la kazi,
safu ya mwisho, ile ya *mengineyo*,
ambayo kwa miaka sita
sijawahi kuiandika neno.